Moto wa Konsolata

Utoto wangu niliuishi Keshero, wakati Goma ilikuwa bado kituo kidogo cha Wabelgiji na sisi tulilima maharagwe katikati ya mawe meusi ya volkeno. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na shimo pana lenye majani mazuri, na ndani ya shimo kulikuwa na mazuku. Mazuku hayaonekani wala hayanuki. Ni hewa mbaya inayolala chini asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujafika. Mnyama akishuka kula majani anapiga magoti, analala, basi. Wazee walisema ni pumzi ya wafu. Nyogokuru, mama ya baba yangu, alikuwa amebatizwa uzeeni na rozari haikutoka shingoni mwake, lakini hayo ya wafu hakuyaacha. Tena alikuwa na lake: anayeapa kwa jina la Mungu ashushe moto katika shimo. Akiwa mwongo, moto utazimika.

Katekista alimkataza mara mbili. Alimjibu kwamba moto umeumbwa na Mungu yuleyule.

Mama yangu alikuwa amekufa, na Papa, baba yangu, alifanya kazi Rumangabo, akirudi mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya nyogokuru. Mwenzangu alikuwa mmoja tu: Konsolata, mtoto wa mjomba wangu, aliyeletwa kutoka Masisi ili ajifunze katekisimu na kupokea komunyo ya kwanza. Tulilala mkeka mmoja. Nilikuwa na miaka tisa hivi, yeye kumi. Alikuwa mpole, miye mkali, na nilizoea kumnyamazisha.

Kazi yetu ya asubuhi ilikuwa kulinda ndama asishuke shimoni. Tulifanya kwa zamu. Siku moja, zamu yangu, nilisikia gari limekwama barabarani, nikakimbia kwenda kuona jinsi wanaume wanavyolisukuma. Niliporudi ndama alikuwa amelala katika majani, macho wazi, bila jeraha hata moja.

Nyogokuru alituita. “Nani alikuwa analinda?”

“Ilikuwa zamu ya Vere,” Konsolata akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama vile unavyosema leo ni Jumanne.

Damu ilinipanda. “Mwongo weye. Haki ya Mungu, ilikuwa zamu yake. Mungu ananiona.”

Nyogokuru alinitazama, akamtazama mwenzangu. “Sawa. Mumemuita Mungu, Mungu atakuja.” Akafunga mafungu mawili ya nyasi kavu, akayawasha kwenye jiko, akatupeleka shimoni. Mama Tereza, jirani yetu, alitufuata na mtoto mgongoni, maana jambo kama hilo haliwezi kumpita.

Konsolata alianza. Alipiga magoti ukingoni, akasema, “Mungu, si miye,” akanyoosha mkono wote, bega na vyote, mpaka moto ukagusa chini. Ulizimika palepale, kama umetiwa majini. Hata moshi haukupanda.

Kisha zamu yangu. Nilijua nilichofanya. Niliogopa Mungu, niliogopa wafu, kwa hiyo sikuushusha moto. Niliapa yale yale niliyoapa nyumbani huku nimeinama kama mwenzangu lakini nimeshika moto juu, karibu na ukingo, na moto ukawaka vizuri tu.

“Mungu amesema,” nyogokuru akasema.

“Na bado anavaa medali ya kanisa shingoni,” Mama Tereza akaongeza. “Hawa watu wa milimani.”

Konsolata aligeuka kwangu. “Vere, sema.”

Sikusema. Kesho yake asubuhi mtu mmoja aliyekuwa anapeleka chumvi Masisi alimchukua kumrudisha kwao. Zilikuwa zimebaki wiki tatu apokee komunyo.

Nilingoja adhabu. Kila siku nilingoja, na haikuja. Nyogokuru alinipa maziwa ya kwanza, majirani walinisifu kwamba ni mutoto wa kweli, na hakuna upweke ninaoujua kama ule wa kusifiwa hivyo. Mkeka ukawa mpana mno. Jioni kwenye sala, tulipofika kwenye maneno ya kutukuza jina la Mungu, midomo yangu ilisogea bila sauti.

Papa aliporudi nikamwambia. Nilifikiri atanipiga, ningefurahi. Akasema, “Ndama nitanunua mwingine. Lakini weye umemshika Mungu ukamfanya shahidi wa uongo. Hiyo nitairudisha namna gani?” Akanipeleka kwa nyogokuru niseme tena. Yule mama mzee alitikisa kichwa. “Nyamazeni. Moto niliuona kwa macho yangu. Mnataka niseme Mungu alikosea?”

Papa alituma ujumbe Masisi kwamba mtoto arudi. Mjomba alijibu kwamba watoto wake hawatakanyaga tena nyumba ile. Ikaishia hapo.

Nilisoma mwenyewe, kidogo kidogo, katika vitabu vya kuazima, na ndipo nilipojua kwamba hewa ile ni nzito na inazima moto wa yeyote anayeushusha chini. Nilikuwa mwanamke mzima nilipopanda Masisi kumtafuta Konsolata. Alinipokea vizuri, akanipa maziwa, akaniuliza habari za wote. Nikamuuliza alipokelea wapi komunyo.

“Sikupokea,” akasema. “Mungu alizima moto wangu, Vere. Nilijua kuna dhambi ndani yangu ambayo siijui. Nimeitafuta hata leo siioni, na bila kuiona nitaungama nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilimweleza yote: gari, zamu, hewa, mkono wangu niliouweka juu. Alisikiliza mpaka mwisho. “Kumbe,” akasema. “Miaka yote hii.”

Watu wananiita mkali kwa sababu mjukuu akisema haki ya Mungu kwa ajili ya kipande cha muwa namfukuza uani, na sokoni anayetaka niape namwachia vitu vyake. Waniite. Uongo wangu peke yake Konsolata asingeuamini hata siku moja, maana alijua ukweli kuliko mtu yeyote. Aliamini kwamba ana dhambi kwa sababu niliutia jina la Mungu.