Ubeti wa Tatu wa Shangazi Verlene

Umewahi kucheza arusini kwa wimbo wa maombolezo? Sisi wa Memphis hufanya hivyo karibu kila Jumamosi.

Shangazi yangu Verlene Pettway, mpishi wa shule, aliurekodi wimbo huo mwaka 1968, baada ya mumewe Roscoe kuuawa Vietnam. Ulikwenda polepole, na ubeti wa tatu ulimtaja Roscoe na jeneza lake. Waimbaji wenye majina waliourekodi upya baadaye waliukata ubeti huo na kuongeza kasi, na kilio cha mjane kikawa wimbo wa maharusi. Mimi naita huo ni wizi.

Binamu yangu Lanette alipoolewa, alimwomba shangazi auimbe.

"Lakini beti mbili tu, Shangazi. Usituletee matanga ukumbini!"

"Roscoe akibaki nje, mwanangu, na mimi nabaki naye. Wapigie santuri ya hao wenye haraka."

Santuri ikapigwa. Watu walicheza, naye akakaa mezani bila kugusa chakula. Nilishindwa kuvumilia. Nilimvuta Lanette pembeni nikamweleza Roscoe alikuwa nani.

"Mungu wangu! Nilidhani ni mtu wa kwenye wimbo tu. Mbona mlininyamazia?"

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Lanette jikoni kwa shangazi, vibanio vya arusi vingali nyweleni. Shangazi aliimba ubeti wa tatu mstari mmoja mmoja, Lanette akimfuata. Walipofika kwenye jeneza, Lanette alishindwa, akalia. Shangazi alimngoja anyamaze, kisha akauanza mstari ule upya.