Funda la Maji Kabla ya Upasuaji

Niseme mapema: sipendi kuulizwa kwa nini mtu mzima wa kabila letu la Wadawida anasikiliza Waswidi wanaopiga kelele. Kelele! Mtu akiangua kilio matangani, mbona hamumwambii anawapigia kelele?

Bendi ile niliijua nikiwa sekondari hapa Voi, rafiki aliponipa flashi iliyojaa nyimbo zao. Walikuwa vijana wanne wa mji mdogo wa baridi huko Uswidi. Walipiga muziki wa metali, wa magita mazito, kwa hasira za vijana wa mitaani: nyimbo fupi, ngoma za mbio, mwimbaji akikemea mpaka sauti inamkauka. Albamu zilizofuata zilipunguza mwendo. Mpiga besi akaacha. Mwimbaji naye akaondoka, miaka ikapita, akarudi na mvi. Nilizeeka nao, basi. Mwaka jana wakatangaza wanastaafu, na tamasha la mwisho lingeonyeshwa mtandaoni, mchana.

Mchana huohuo baba alikuwa kwenye kochi langu. Alikuwa ameteremka kutoka Mghange, kijijini kwetu milimani, kwa upasuaji wa tumbo, na kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa zamu yake. Mimi na baba tulikuwa watu wa salamu tu. Yeye ndiye aliyefundisha kwaya kanisani kwetu. Nilipoiacha kwaya yake nikanunua gita kwa jasho la kupakua malori kule Maungu, alilipasua kwa panga uani, majirani wakitazama. Hakuna aliyeomba msamaha. Nilimpokea, nikampikia, nikamtandikia kitanda, lakini moyo wangu ulikuwa bado uko pale uani.

Nikawasha televisheni bila kumuomba ruhusa. Potelea mbali, kwangu ni kwangu.

Alitazama kwa muda mrefu, blanketi magotini. “Huyo amekosewa na nani?”

“Na baba yake,” nikamjibu. Wimbo ulihusu hayo kweli, ila nilitaka pia umchome.

Kwenye jukwaa mwimbaji akachukua chupa, akapiga funda la maji, akayapuliza juu ya umati kama manyunyu. Baba akatupa blanketi.

“Anatasa! Mzungu anatasa!”

Wazee wetu walitasa hivyo mtu alipougua. Kwetu, hasira ya ndugu iliyofungiwa moyoni huleta maradhi, kwa hiyo mwenye hasira hupiga funda, huipuliza nje, huitaja, na kuiambia itoke. Baba alikuwa ameyaacha hayo zamani kwa sababu ya kanisa. Nilitaka kumwambia ni mbwembwe za jukwaani tu, mzee, yule ana joto. Nikaufunga mdomo, maana alikuwa ameshasimama.

“Lete maji.”

Nikampa kikombe. Akapiga funda, akayapuliza kwenye zulia langu.

“Nilipasua gita la mwanangu,” alisema, akitazama ukuta. “Aliiacha kwaya yangu, watu wakanicheka, nikakasirika. Hasira hiyo itoke. Nisiende nayo kwa daktari.”

Kisha akaninyooshea kikombe.

Sikuwa nimefundishwa maneno. Nikapiga funda, nikapuliza, na badala ya maneno ikatoka sauti ya yule Mswidi, kutoka tumboni, ndefu, mpaka jirani akagonga mlango akiuliza kama mgonjwa ameaga. Nilikuwa nalia. Baba alimjibu jirani kwamba hakuna neno, mtoto anaongea na baba yake.

“Imeisha?” akaniuliza.

“Imeisha, baba.”

Tukaketi tukatazama wimbo wa mwisho. Alisema mpiga ngoma anakimbiza mno, na kwamba kwaya yake isingemkubali. Nilicheka, yeye hakucheka.

Asubuhi nilimsindikiza hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Hakuamka tena.

Mghange, kabla ya kufukia kaburi, ami yangu aliuliza kama yupo mwenye kinyongo na marehemu aseme sasa. Watu wote wakanigeukia. Nani asiyelijua lile gita? Nikachukua koleo, nikawaambia tuendelee.