Risasi Nyepesi za Mwenzangu

Kwa miaka mitatu bega langu la kulia lilikuwa na alama ya buluu kila Jumatatu, na hapakuwa na mtu aliyejua. Kazini nilibadilishia nguo kwenye kona, maana wauguzi wenzangu pale hospitali ya Flemingsberg, hapa Uswidi, wana macho, na muuguzi akiona mwanamke ana alama mwilini lazima aulize. Ningewaambia nini? Kwamba nimepigwa na bunduki?

Bunduki yenyewe ni gobore, ile ya zamani inayoshindiliwa kwa mbele. Unamimina baruti mtutuni, unasukuma risasi kwa mdeki, unaweka fataki, ndipo unapiga. Kwetu Tanzania neno gobore nililisikia kwenye habari za majangili tu. Mume wangu, Mkenya aliyekuja huku kusomea uhandisi na hakurudi, aliambukizwa mapenzi ya magobore na Mswidi mmoja wa kazini kwake. Akafanya mtihani wa mwindaji, akapata kibali, akanunua la kwanza, kisha la pili. La pili akasema ni langu. Nami nikasomea mtihani huo kwa Kiswidi changu cha hospitali, nikafaulu. Sikuwa na hamu na paa wala sungura. Jumamosi ndiyo siku pekee tuliyopata kuwa pamoja, na sikutaka iishie msituni bila mimi.

Tulitumia risasi aliyoipenda yeye, ndefu, yenye ncha, nzito kupita gramu ishirini. Alizisubu mwenyewe kwenye banda nyuma ya nyumba yetu Spånga, akiyeyusha na kumimina kwenye kalibu kama mtu anayepika uji wa mgonjwa. Ukiipiga, kitako kinakurudia begani kwa hasira. Kila mara aliniuliza, "Uko sawa?" Kila mara nilimjibu, "Niko sawa." Lakini mwili ulishajua kinachokuja. Nilifumba macho kabla ya mshindo, na risasi zangu zilikwenda chini kushoto, mbali na shabaha. Akadhani sina shabaha. Nami nikamwacha adhani hivyo.

Kisha nikamleta mwenzangu. Ni Mkongo, mwanamke wa Bukavu, tunafanya kazi wodi moja, anakaa Hallonbergen. Baba yake alikuwa askari wa msitu, na yeye alishapata cheti cha uwindaji kabla sijamjua. Mimi ndiye niliyemkaribisha, hilo nalikiri. Siku ya kwanza alipiga risasi nzito moja tu, akalilaza gobore kwenye meza.

"Mais non! Hii inanipiga sana. Shemeji, hauna kitu ya kidogo?"

Mume wangu akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia siku nyingi.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alikuja na kikopo kipya. Ndani mlikuwa na risasi za mviringo, ndogo kama gololi, nusu ya uzito wa zile zetu. Alikuwa amenunua kalibu mpya kwa ajili hiyo, akakata na vitambaa vya kuzifungia, akavipaka mafuta. Alisimama karibu na mwenzangu akimweleza kwa upole. Risasi ikiwa nyepesi, baruti nayo inapunguzwa, na bunduki hairudi kwa nguvu. Lakini nyepesi huchoka haraka njiani, kwa hiyo usipige mnyama aliye mbali, msogelee mpaka mita arobaini au chini ya hapo. Mnyama mkubwa usimjaribu kabisa. Kwa paa inatosha. Hata alimwekea kipande cha sponji begani, juu ya koti.

Mwenzangu akapiga tatu. Zote zingefunikwa na kisosi cha kahawa.

"Umeona?" mume wangu akaniambia, macho yanang'aa. Nikasema nimeona.

Wiki ile sikula vizuri. Kazini nilimvizia mwenzangu akibadilisha nguo, nikaliona bega lake laini, halina hata doa. Nyumbani simu ya mume wangu ikilia, nilisimamisha maji ya bomba nisikie. Binti yetu, ambaye yuko chuo na hunijibu kwa Kiswidi hata nikimsalimia, aliniangalia nikisugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Mamma, är du svartsjuk?" aliuliza. Kwa lugha yao wivu ni ugonjwa mweusi. Nikamwambia akatoe taka.

Ijumaa mume wangu akaniomba nimwambie mwenzangu kwamba kesho tutaondoka saa tatu asubuhi, si saa tano. Sikumwambia. Nilikaa naye meza moja chakula cha mchana, tukazungumzia zamu, na sikumwambia.

Saa tano na nusu, tukiwa uwanjani kwenye shabaha, simu ya mume wangu ikalia. Mwenzangu alikuwa amesimama stesheni ya Spånga kwenye baridi, akitusubiri. Mume wangu akamwomba radhi, akakata simu, akanigeukia.

"Hukumwambia?"

"Nilisahau."

"Wewe? Wewe hukumbuka dawa za wagonjwa wote."

Nikaweka mdeki chini. "Una nini na yule?"

"Nina nini na nani?"

"Umemnunulia kalibu. Umemkatia vitambaa. Mimi miaka mitatu unanipa za kwako."

"Yeye aliniambia inamuumiza!" alisema. "Wewe nakuuliza kila Jumamosi, unasema uko sawa."

Nikafungua koti, nikavuta fulana, nikamwonyesha. Alama ilikuwa mpya juu ya nyingine iliyokwisha kugeuka njano. Nilitegemea anikumbatie. Badala yake alikasirika, akaenda mpaka ukingo wa miti, akarudi.

"Ningejuaje? Hilo bega ni lako, si langu. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa ukijua siliwezi gobore, utakuja peke yako."

Alifungasha vitu taratibu, na ndani ya gari akaendesha mkono mmoja ukiwa juu ya goti langu, bado amekunja uso.

Jumatatu nilimwambia mwenzangu ukweli wote. Aliweka kijiko chini.

"Dada, nilisimama kwa baridi nusu saa."

"Nisamehe."

"Nakusamehe. Lakini usirudie." Kisha akatikisa kichwa. "Na bwana yako, mon Dieu, anasema risasi tu, risasi tu. Nilikuwa nachoka kusimama." Siku mbili baadaye aliniletea nusu ya kikopo chake cha risasi nyepesi. Sikumngoja mume wangu anisubie.

Msimu wa uwindaji tulikwenda watatu kwenye shamba la Mswidi yule, tukiwa na risasi za mviringo. Paa alinitokea mimi kwanza, asubuhi, kwenye nyasi zilizoganda kwa jalidi. Nilimwona vizuri, macho wazi, bega limetulia. Lakini alikuwa mita sitini au zaidi, na risasi yangu ilikuwa nyepesi. Nikashusha mtutu, akaondoka. Nusu saa baadaye nikasikia mshindo upande wa mwenzangu. Alikuwa amempiga paa wake kwa karibu, akaanguka palepale.

Nilimpa mkono, nikamwambia hongera. Mume wangu alipopiga magoti kumsaidia kupasua mnyama, niliangalia mikono yao minne ikifanya kazi pamoja, na ugonjwa ule mweusi ukanirudia. Nilijua hakuna jambo kati yao. Ulirudi hivyohivyo.

Jumapili mwenzangu alitukaribisha Hallonbergen. Alikuwa amempika paa yule pamoja na sombe, yaani kisamvu, na pilipili ya kwao. Nilitamani nyama iwe mbaya. Nikala sahani mbili.