Mama Aliyekuja Ofisini Kupumua

Jumatatu iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kakuma. Mpigaji alikuwa binti wa mama mmoja niliyemfahamu. Alinisalimu kwa utulivu, ejok, salamu ya Kiturkana, akauliza joto la Lodwar linaendeleaje, akanipa habari za mbuzi, na nilipoanza kutafuta namna ya kukata simu ndipo akaniambia kwamba mama yake amefariki alfajiri. Wasomaji wangu wa hapa Lodwar mnamjua marehemu kwa sura. Ni yule mama wa kwenye kalenda iliyogawiwa na shirika moja, aliyekunja miguu juu ya mkeka wa buluu, amefumba macho, na chini yake pameandikwa kwamba amani huanzia ndani. Ofisi kadhaa bado zimeitundika ukutani. Picha ile ilipigwa siku ya pili ya mgomo wake, ila hilo halikuandikwa, nadhani nafasi haikutosha.

Tulikutana katika warsha. Pampu ya kisima cha mtaani kwao ilikuwa imekufa, na wanawake walikuwa wakichimba mchanga wa laga, ule mto wetu wenye mchanga mwaka mzima na maji siku chache, kisha wanakaa kungoja kikombe kijae. Shirika lililochimba kisima hicho lilichunguza jambo hilo kwa makini likagundua kwamba tatizo halikuwa pampu, bali uchungu wa moyo walio nao wanawake hao. Pampu ingeweza kungoja. Basi wakaletwa Lodwar, wakaingizwa kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, kila mmoja akapewa mkeka wa yoga, na mwalimu mpole kutoka Nairobi akaanza kuwafundisha kukaa kimya, kusikiliza pumzi zao na kukubali hali ilivyo. Kumfundisha Mturkana kukaa kimya! Watu wanaochunga juu ya jiwe moja tangu asubuhi hadi mbuzi wenyewe wachoke. Mimi niliajiriwa kuandika ripoti, kazi ambayo sisi waandishi wa safu huifanya tunapokumbuka kwamba nasi tuna tumbo.

Mambo yalikwenda vizuri hadi alasiri, mwalimu alipowaomba walale chali, mikono kando, wabaki hivyo kwa mkao unaoitwa wa maiti. Hakuna aliyelala. Huku kwetu mtu mzima halali kama maiti ili kumfurahisha mgeni, kwa maana kifo kinaweza kudhani kimeitwa. Wanawake walitazamana, kisha mama huyo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yao ya maji, akasimama na kuukunja mkeka wake.

"Mwalimu, sisi tukikufa utatuona," alisema. "Saa hii tuko na kiu tu."

Mwalimu alimshukuru kwa kutushirikisha hisia zake. Mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba washiriki wameanza kuzikubali hali zao. Sentensi hiyo ilipendwa sana, na kwa sababu ya mafanikio hayo shirika likaanza kupanga awamu ya pili ya mafunzo. Pampu haikuwamo katika mpango, kwa vile watu walikuwa wamekwisha kuikubali.

Wiki mbili baadaye mama alirudi Lodwar peke yake, akatandika mkeka kwenye mlango wa ofisi ya shirika lile, akakunja miguu na kufumba macho. Askari wa lango alimuuliza anataka nini. Akajibu kwamba hataki kitu, anapumua. Mkubwa wa ofisi akatoka kumuuliza kama ana malalamiko, akajibiwa kwamba malalamiko aliyaacha kwenye warsha kama alivyofundishwa. Nilipita pale mara kadhaa, nakiri kwamba sijafurahi hivyo tangu nihamie mji huu. Wangemfukuza vipi? Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango lao wenyewe linalohimiza kila mtu apumue pole pole. Maofisa walijifunza kumruka mama mzima wakiwa wamebeba chai. Siku ya pili wakampiga picha. Siku ya nne gari la fundi liliondoka kwenda Kakuma, na jioni maji yakatoka. Shirika likatangaza kwamba yoga imeleta maji, na mimi, niliyezoea kusahihisha matangazo yao, safari hii sikuona kosa.

Nimejiuliza tangu wakati huo kwa nini kukubali hufundishwa daima kwa wale wasio na maji. Sijaona bado warsha ya kuwafundisha wakubwa kukubali kwamba gari halina mafuta, au kwamba kiyoyozi kimezimika. Kikizimika, fundi hupatikana kabla jasho halijafika shingoni. Mwalimu simlaumu, mgongo wangu mwenyewe umepona kwa yale mazoezi yake. Lakini dawa ya mgongo ni dawa ya mgongo.

Mwaka huu mama alikuja nyumbani kwangu akiwa na uvimbe shingoni, sauti imekwisha. Alikuwa ametoka kwenye hospitali moja ambayo siitaji, akaambiwa kwamba mashine ya kuchunguza ugonjwa kama wake haifanyi kazi, aende mbali au asubiri, na kwamba mengine ni kukubali. Aliketi barazani, akanywa chai taratibu. Nilimuuliza kama atautandika tena ule mkeka.

"Wewe mtu ya gazeti," alinong'ona, "pampu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe iko na mlango. Hii ugonjwa haina mlango. Nitakaa wapi?"

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu kicheko changu kinaishia hapo. Mlango ulikuwepo. Nilikuwa nimesikia miezi mingi kabla kwamba mashine ile imekosa kipuri kimoja, kwamba barua ya kukiomba inangoja sahihi, na nilijua ofisi na meza ilipolala. Nilijua pia kwamba ofisi hiyo hunipa ripoti za kuandika. Mama alikuwa akinitazama. Nilimwambia apumue pole pole, asiwe na wasiwasi, mambo yatakuwa sawa. Akaniamini, kwa kuwa mimi ni msomi, akaniachia mkeka wake akisema mwili wake umechoka kuubeba, akarudi Kakuma kukubali.

Nilikwenda kumzika. Walimlaza chali, mikono kando, na mkao ule alioukataa hotelini niliuona sasa kwake bila mwalimu yeyote. Naona aibu kuandika haya, na sitaificha kwa mzaha. Kukubali ni jambo jema, lakini huja baada ya kugonga milango yote, na anayeijua milango hana haki ya kumfundisha mwenzake kupumua. Barua ile bado haijatiwa sahihi, nimeuliza leo asubuhi. Mkeka ninao, umebaki na mchanga wa Kakuma kwenye pindo. Kesho ofisi ikifunguliwa watanikuta nimekaa mlangoni, na wakiniuliza ninataka nini, mimi sitasema kwamba napumua.