Redio Chini ya Kanga

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana uliponiuliza ununue redio gani ya kuweka nyumbani kwako Msambweni kwa siku ambazo stima inapotea, ndiyo iliyonijia kabla sijakujibu. Ulinionyesha picha kwenye simu: ile yenye taa tatu na king'ora, na ile nyingine ndogo inayong'aa kama kijaluba cha vito cha bibi harusi. Nikakurudishia simu yako, ukadhani mambo ya redio siyajui. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, kwetu Jego, na babu yangu Salimu alikuwa ametutoka. Stima ilikatika kabla hajafariki, kwa hivyo redio yake kubwa ya kuchomeka ukutani ilikuwa imenyamaza konani. Babu aliipenda redio ile kuliko baadhi ya wajukuu, na wajukuu wenyewe tulijijua. Bibi Mwanamkuu, mkewe, akaifunika kanga, kwa kuwa kwetu redio haipigwi matangani. Hakuna aliyekumbuka kutazama kama Babu aliizima.

Siku ya tatu jua lilikuwa kali na mbingu nyeupe, hapana wingu. Hata hivyo kulikuwa na jambo. Kuku walipanda juu ya paa la banda wakakataa kushuka, na kunguru, ambao kwa kawaida hawatupi nafasi ya kuzungumza, hawakusikika hata mmoja. Sisi wanawake tulikuwa mkekani pamoja na Bibi. Alikuwa ameanza eda, na mjane wa eda hatoki nyumbani kwa mumewe mpaka ipite miezi minne na siku kumi.

Mara stima ikarudi, taa ikawaka, na chini ya kanga mwanamume akasema, "Salimu wa Jego, mume wa Mwanamkuu."

Leo najua kwamba lilikuwa tangazo la kifo, lile ambalo jamaa zetu wa Mombasa walilipeleka redioni. Lakini mwanzoni hakuna aliyewaza tangazo. Sauti ikawataja watoto wake mmoja mmoja, kisha ikaja sauti nyingine, ya haraka: "Wakazi wote wa kando ya mto Umba wanaombwa..." Stima ikakatika tena. Niliitazama ile kanga na nikaona kama bado inatikisika.

"Mmesikia?" Bibi akasema polepole. "Mume wangu ananiomba nisiondoke."

"Mama, lile lilikuwa tangazo," akasema shangazi yangu Mwanakombo, binti yake. "Wanatuomba jambo kuhusu mto. Tutoke kwanza, tuwe upande wa juu."

"Jambo gani?"

Neno lenyewe lilikuwa limekatika pamoja na stima. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa karibu na mto kuliko zote, na simu enzi hizo zilikuwa za watu wachache, wala mtandao haukutufikia.

"Mimi sivunji eda kwa nusu ya neno," Bibi akasema. "Nendeni nyinyi. Mimi na mwenye nyumba hii tutabaki." Alisema hivyo huku akiitazama kona ile, na nikaogopa kweli, kwa sababu nilimwona ameshaamua.

Shangazi akatoka, akarudi na kiredio chake ndani ya buibui. Kilikuwa kibaya cha sura: kimefungwa kwa mpira, waya umetiwa mahali pa antena. Tulikuwa tukimcheka kila siku alipoanika mawe yake, yaani betri, juani ili yapate nguvu kidogo.

"Mwanakombo, redio matangani?" jirani mmoja akamuuliza.

"Ndiyo, matangani. Nikingoja yaishe tutaanza mengine."

Akazungusha kitufe taratibu. Mikwaruzo tu. Akaupita wimbo kwa haraka, kwa aibu, kisha akaipata stesheni ya Tanga, ng'ambo ya mpaka, maana sisi wa Jego Tanga hutufikia vizuri kuliko Mombasa. Mtangazaji alisema mvua kubwa imemwagika katika milima ya Usambara, mto Umba umefura, na walio huku chini wahamie mahali palipoinuka leo hii. Bibi akataka asikie mara ya pili. Tukangoja mpaka liliposomwa tena, na yeye akalisikiliza lote, kichwa amekiinamisha.

"Kumbe si yeye," akasema.

Mwanangu, sijasikia maneno yenye huzuni kuliko hayo. Akajitanda, tukampeleka kwa kaka yake juu kwenye mwinuko, naye maalim wa kijiji akamwambia kwamba mwenye kuihofia roho yake ana ruhusa ya kutoka. Eda akaimalizia huko.

Maji yalikuja baada ya adhuhuri. Hapakuwa na ngurumo wala tone la mvua. Jua lilikuwa likiyawakia. Yaliingia mlangoni polepole, kama mgeni anayeijua nyumba, na jioni chumba kile cha Bibi kilikuwa kimeanguka chote. Redio ya Babu tuliikuta baadaye topeni, imenaswa ndani ya kanga yake.

Basi usinunue taa na king'ora. Nunua redio inayotumia mawe yanayouzwa duka la karibu yako, na ikiwa na mkono wa kuzungusha ni bora zaidi, kwani paneli ya jua haikusaidii mawingu yakikaa wiki nzima. Iwe na kitufe cha kutafutia stesheni kwa vidole, ishike za mbali, hata za ng'ambo ya mpaka, maana hatari ya kwetu huenda inaanzia kwa wengine. Usiridhike na kelele zake dukani, ijaribu ndani ya chumba chako, mlango umefungwa. Mawe yatoe yasije yakavuja, lakini yakae mfuko mmoja nayo, na kila mtu wa nyumbani ajue kuifungua. Tena kukiwa na hatari, ifungue hata matangani, wala usimwonee haya mtu.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila stima iliporudi, kabla hajatazama taa, alitazama konani, popote alipokuwa.

Mola akuhifadhi, mwanangu, wewe na utakaoishi nao, na kila neno la kukuokoa likufikie zima, mpaka mwisho wake.