Meza ya Kuvuta na Kiti cha Dani

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinichukua nikamsindikize dukani, Kisumu, kuchagua meza ya kulia. Anaishi nyumba ya vyumba viwili na wageni wake hawaishi, kwa hiyo alitaka meza inayovutika, ndogo siku za kazi na ndefu siku za watu. Muuzaji alishika ncha zake mbili akavuta. Mbao zikakwaruza reli zake, na kutoka pale katikati, mahali pasipopigwa na hewa, ikapanda harufu ya nta. Nilitafuta kiti nikaketi. Waliniletea maji wakidhani ni presha, nami nikawaacha wadhani hivyo. Kikongwe akisema ameangushwa na harufu ya meza, watoto wataanza kunong'onezana.

Harufu ile naijua tangu nikiwa na miaka minane. Nitawaeleza ninyi, kwa sababu mtu niliyepaswa kumweleza sikumweleza.

Tuliishi juu ya Kericho, katika shamba la chai ambako Baba alikuwa karani wa kiwanda. Sisi ni watu wa ziwani. Kazi ndiyo iliyotupandisha kwenye baridi ile, mahali ambapo mvua ilikuja kila alasiri kana kwamba nayo imeandikwa kazi, na nguo zetu zilinuka majani ya chai yaliyonyauka hata zikitoka kufuliwa. Nyumba ya karani ilikuwa na vyumba viwili vya mabati, na jiko la kuezekwa nyasi nyuma yake. Chumba cha mbele kilikuwa sebule mchana, kanisa siku ya Jumapili, na jua likizama nilitandikiwa humo ngozi yangu nikalala. Baada yangu Mama alikuwa amezaa watoto wawili, na wote walikufa kabla hawajaota meno. Mwaka ule alikuwa na mimba tena. Mama yake alituma habari kwamba atapanda kutoka ziwani aje akae naye hadi ajifungue, na tangu siku hiyo nilimsikia Mama akiimba tena akisonga ugali.

Baba alikuwa amesoma misheni, na kilichomwingia kuliko hesabu na Kiingereza ni ile picha ya familia ya Kikristo ikila pamoja. Kwetu wanaume walikula peke yao, na wanawake na watoto wakala jikoni. Baba aliapa kwamba kwake haitakuwa hivyo.

"Mungu hakuumba jikoni na sebule," alisema.

"Lakini moshi aliuumba," Mama akamjibu.

Basi Mzungu mmoja aliyelima kitani kikamshinda alikuwa anarudi kwao, na vyombo vyake vikapangwa kwenye nyasi mbele ya nyumba viuzwe. Tulikwenda sote watatu. Meza zilikuwa mbili. Mama alisimama karibu na ile ndogo ya mwerezi, ya mraba, akaipapasa.

"Hii tutaisukuma ukutani," alisema, "na mama yangu apate mahali pa kutandika mkeka wa kunikanda mgongo."

Baba hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ile nyingine, akionyeshwa mpini wa chuma. Ukiuzungusha, meza inapasuka katikati taratibu, unatia ubao, unazungusha tena, unatia wa pili, na meza ya watu wanne inakuwa ya watu kumi. Alizungusha akafungua, akazungusha akafunga, jasho likimtoka kwenye baridi.

"Nyumba ndogo ndiyo inayotaka meza ya namna hii," alisema. "Tukiwa wachache inapungua, tukiwa wengi inaongezeka."

Mama alitazama tumbo lake. "Akili nyingi huondoa maarifa," alisema polepole, na hakuendelea kubishana.

Arap Koech, mwenye mkokoteni wa ng'ombe aliyetubebea mzigo ule, alisimama mlangoni petu akapima kwa macho. "Karani, mesa iko kupwa, nyumba iko ntoko," alisema kwa Kiswahili chake cha Kikipsigis. "Wewe talala wapi? Juu?" Baba alicheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Lakini Arap Koech alikuwa amesema kweli. Mbao zote mbili zikitiwa, mlango wa chumba cha ndani ulifunguka kidogo tu, na Mama na tumbo lake hakuweza kupita. Mimi ndiye niliyekuwa napita chini ya meza kumletea hiki na kile, nikivuta ile harufu ya nta puani.

Dani, yaani nyanya yangu mzaa mama, alishuka garimoshi Fort Ternan akapanda milima kwa miguu, na kapu la samaki wakavu kichwani. Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma hadi jikoni, akajifunika shuka, akaketi akiupa mlango kisogo. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, wala mmoja hali mbele ya mwenzake. Si chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na kadiri mama mkwe anavyompenda mkwe wake ndivyo anavyomkwepa. Dani alilala kwa jirani yetu mjane, Mama Prisila. Asubuhi Baba akishakwenda kiwandani, yeye huyo, anakuja. Alimkanda Mama, akampikia uji wa wimbi, akamkataza kuinua debe la maji. Alipapasa tumbo, akapapasa tena, akasema mtoto amelala vibaya lakini atamgeuza polepole, kidogo kila siku, siku bado zipo. Jioni Baba alikohoa mbali njiani ili Dani apate muda wa kuondoka. Kwa hiyo msidhani Baba hakuijua mila. Aliijua sana.

Jumapili ya pili alitia mbao zote mbili. Alikuwa amewaalika mwalimu wa kanisa na wazee watatu na wake zao, na kwenye kichwa cha meza, karibu na kiti chake, akaweka kiti chenye mikono kwa ajili ya Dani. Alitaka wamwone karani aliyemketisha mama mkwe mezani. Aliniita akaniambia, "Akinyi, kamlete Dani. Akija, utakaa ubavuni mwake."

Ninyi hamjui maana ya ahadi ile. Wageni wakiwepo, familia ya Kikristo ilikuwa inapungukiwa na mimi, maana viti havikutosha. Nilikula jikoni kama mtoto yeyote wa ziwani. Nilikimbia. Dani alikuwa anampepetea Mama mawele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Mwambie baba yako nimeshukuru sana," alisema. "Mwambie sijawahi kuona mkwe anayeniheshimu hivi. Lakini mimi nitakula hapa na binti yangu, ili na mimi nimheshimu."

Nikaona kiti changu kinakwenda. Nililia, nikamvuta mkono, hakuinuka. Basi nilirudi sebuleni nimevimba mashavu, nikasimama mbele ya wageni wote nikasema neno moja.

"Amekataa."

Mke wa mzee mmoja alitazama sahani yake. Mwalimu alikohoa. Baba aliinuka, akapakua wali na kuku kwenye sahani ya kaure, akatoka nayo mwenyewe hadi jikoni. Nilimfuata. Aliinama akaiweka sahani mikononi mwa Dani, akasimama pale pale mbele yake.

"Mama, kula," alisema. "Sisi ni Wakristo."

Mama alisema, "Baba Akinyi, tafadhali." Dani aliiweka sahani chini kana kwamba inaunguza, akajifunika shuka kichwa kizima, akapita ubavuni mwa Baba akitazama ukuta, akatoka kwenye mvua. Asubuhi yake alikuja kuaga, Baba akiwa kazini. Mama alimshika nguo akamsihi kwa ajili ya mtoto. Dani alikuwa analia pia. "Mkwe amesimama akinitazama nikiwa na chakula mkononi," alisema. "Nikibaki hapa, nitawaletea balaa ninyi. Nitatafuta wazee wa kututengeneza kimila, kisha nitarudi." Alishuka kuelekea Fort Ternan, na kapu lake likiwa tupu.

Siku ya tisa uchungu ulianza, mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati hata tukawa hatusikizani. Nilikimbia hadi kwenye chai nikamwita Mama Prisila na wanawake wengine, wakaja wamelowa chapachapa. Mtoto alitanguliza miguu. Alikuwa mvulana mkubwa, mzuri, na hakulia. Mama alimpokea akamtazama muda mrefu, akasema, "Mama yangu angemgeuza."

Waombolezaji walipojaa, sebule haikutosha, na wanaume wakaibeba meza wakaitoa nje. Ilikaa kwenye mvua siku nne. Mbao zilivimba, na baadaye Baba alizungusha ule mpini hadi ukavunjika. Tulikula juu yake ikiwa nusu wazi, na ufa katikati ambamo ugali ulidondoka. Dani hakurudi. Homa ilimchukua kwao kabla ya mavuno.

Miaka mingi nilimlaumu Dani, kwa kuwa mtoto humlaumu aliyeondoka. Kisha binti yangu mkubwa aliolewa, na mkwe wangu, kijana mwenye adabu tena mhubiri, akaja kunisalimia. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea sebuleni. Niliposikia sauti yake uani, miguu yangu yenyewe ilinipeleka jikoni, na nikasimama humo, nikimpenda sana mtoto wa watu yule na nisiweze kumtokea. Ndipo nilipomwelewa Dani. Ndipo pia nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya kwa neno lile moja.

Baba alikuwa bado hai. Amezeeka, haoni vizuri, anaota jua kibarazani siku nzima. Nilikwenda kumtembelea nikiwa na maneno yote mdomoni. Kabla sijaanza, alinigeuzia uso akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Akinyi, hivi Dani wako alinidharau kwa nini? Nilimkosea nini kabla ya siku ile?"

Nilimtazama. Kama ningesema ukweli, angejua kwamba hakudharauliwa hata kidogo, na angejua pia kwamba sahani ile hakuwa na sababu ya kuibeba. Sikujua lipi kati ya hayo mawili lingemuua.

"Sikumbuki, Baba," nilimwambia. "Nilikuwa mtoto."

Akatikisa kichwa, akarudisha uso wake juani. Alikufa mwezi wa nne, akiamini kwamba Dani alimdharau.