Koti la Babu Mwita kwenye Foleni ya Ndoa

Kabati la ofisi ya parokia lilipofunguliwa, ilinijia harufu ya karatasi kuukuu, nta ya mishumaa na mavi ya popo, nikapiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa nimefuata cheti changu cha ubatizo, maana na mimi naolewa, anayenuna anune. Katibu, binti mdogo mwenye kucha nyekundu, akatoa na lile daftari kubwa la ndoa, pembe zake zimetafunwa na panya, akalipangusa vumbi kwa kitambaa. Akaniuliza, "Dada, na wazazi wako walifungia ndoa hapahapa?" Swali hilo lilinivuruga kichwa nikiwa mtoto, na mpaka leo likinijia ghafla hivyo, linanivuruga.

Ngoja niwaeleze kwetu Nyamisangura palivyokuwa. Tulikuwa Bibi Nyangi, mama yangu Robhi, mimi na mdogo wangu Chacha. Bibi alimwita mama "mke wangu." Mama alimwita Bibi "mama" siku za furaha, na "mwenye nyumba" siku akinuna. Mimi niliona ndivyo watu wote wanavyoishi. Shuleni niliandikwa Bhoke Mwita, na huyo Mwita alikuwa marehemu mume wa Bibi, ambaye picha yake ilining'inia sebuleni, uso kaukunja kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tulipofundishwa kutoa, nikapiga hesabu, nikagundua Mwita alifariki mama yangu akiwa bado ananyonya. Nikampelekea Bibi daftari. Akalitazama, akanirudishia.

"Hesabu ni za shuleni," akasema. "Wewe ni mtoto wa Mwita. Kula ugali."

Nikala.

Wasomaji wa Tarime wameshanielewa, wanacheka. Ninyi wengine sikilizeni. Kwetu Wakurya, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anampelekea ng'ombe kwao, anamleta, na watoto atakaowazaa wanakuwa watoto wa nyumba ile. Tunaiita nyumba ntobhu. Si mambo ya mapenzi, msianze kunong'ona. Ni mambo ya mji usife. Mwanamume aliyehusika na kuzaliwa kwetu alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na pale nyumbani hakuna aliyemuulizia, hata mimi.

Sasa, palikuwa na Babu Marwa, mdogo wake marehemu. Mzee wa kanisa, shati jeupe, sauti ya kukwaruza. Alizoea kuja kunywa uji wa ulezi kwetu, na akishakunywa anaizungushia macho ile migomba na kahawa yetu. Siku moja nikiwa nyuma ya jiko nachambua mboga, nikamsikia akimwambia mwanawe, "Huyu mama akifumba macho tu, hawa wengine watarudi kwao." Nikashindwa kuelewa. Kwao wapi? Mimi kwetu nilikujua kumoja tu, kulekule kwenye moshi wa jiko letu. Nikamweleza Bibi maneno yale kama yalivyo. Akaendelea kupepeta ulezi. Ila uji aliompa Babu Marwa mara iliyofuata haukuwa na sukari.

Haukupita muda, Padre akatangaza kwamba wote wanaoishi kwa ndoa za kimila waje wajiandikishe, ili wabarikiwe pamoja. Padre yule alikuwa mgeni, ametoka mbali, hata majina yetu yalimgonga meno. Jumapili ya kuandikishwa Bibi akaamka na furaha zake. Akavaa kitenge kipya, na juu yake akavaa koti la Babu Mwita, lile jeusi zito lililokuwa likikaa sandukuni na harufu ya vidonge vya mende. Lilimfika magotini. Nikajua anaogopa baridi, maana asubuhi za Tarime mnazijua. Mama alipomwona alishika mdomo.

"Mama, jamani, unakwenda wapi na hilo?"

"Kuandikwa. Twende, mke wangu."

Baada ya misa, katekista alikaa na daftari mbele ya altare, kalamu imefungwa kwa uzi isiibwe. Watu hawakuondoka, nani aondoke na sinema kama ile? Wanaume na wake zao wakajipanga, wengine wazee kabisa, wanachekana kama wachumba. Na katikati ya foleni, Bibi yangu katika koti, kamshika mama mkono. Mama alikuwa anatazama sakafu. Mimi na Chacha tulisimama nyuma yao, kifua mbele, tunangoja kalamu.

Zamu yetu ikafika. "Shikamoo, Bibi," katekista akasema. "Mume wa huyu yuko wapi?"

"Marahaba. Niliyetoa ng'ombe ni mimi. Andika."

Kanisa zima likalipuka kwa kicheko. Nikageuka kutafuta kinachochekesha, sikukiona. Katekista alikuwa Mkurya mwenzetu, alijua vizuri sana, basi akajikuna kichwa akamwita Padre. Padre akadhani Bibi amemsindikiza binti yake. Akaeleweshwa, hakuelewa. Akaeleweshwa tena, akavua miwani akaifuta, akasema kwa upole kwamba kitabu kile ni cha mume na mke, hakina nafasi ya jambo letu.

Kusema kweli roho iliniuma. Wenzetu wote wameandikwa, kwa nini sisi tu tusiandikwe? Nikamtazama Bibi nikitegemea atafoka. Wala! Alikuwa ametulia kama mtu aliye sokoni anayejua bei.

"Sawa, Padre. Kitabu kifunge," akasema. "Ila ndoa za hapa zote zinaulizwa swali. Na yangu iulizwe."

Kabla Padre hajajibu, Bibi akawageukia watu. Akapaza sauti. "Huyu Robhi ni mke wa nyumba yangu. Watoto hawa ni wa Mwita. Nani hapa ana pingamizi?"

Kicheko kikakatika. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana watu wote hawakumtazama Bibi tena. Walimtazama Babu Marwa, aliyekaa kwenye benchi la wazee wa kanisa.

"Hata wewe, shemeji?" Bibi akauliza taratibu. "Wewe uliyeswaga wale ng'ombe mwenyewe mpaka kwao Robhi?"

Babu Marwa akakohoa. Akatazama viatu vyake. Akakohoa tena. Mimi nikamwonea huruma, nikadhani mafua yamemkaba.

"Haya, asanteni," Bibi akasema, akamvuta mama tukatoka.

Njiani mama alilia. "Umeniaibisha mbele za watu, mama." Bibi naye alikuwa anaimba. Akatupitisha dukani, akatununulia soda mimi na Chacha, jambo ambalo halikutokea hata Krismasi. Nilikunywa bila raha. Nilikuwa nimeiona kalamu kwa macho yangu, haikugusa karatasi.

"Bibi," nikamuuliza, "kwani tumeandikwa?"

"Tumeandikwa, tena vizuri."

Nikajua sasa Bibi amezeeka.

Bibi alipofariki, nilikuwa sekondari. Matanga hayajaanuliwa, vijana wa Babu Marwa wakaja na kamba na vigingi, wakaanza kupima kwenye migomba. Mama alikaa chini, hakuwa na nguvu hata ya kupiga kelele. Mara Babu Marwa mwenyewe akaja, mzee sasa, anatembelea mkongojo. Akang'oa kigingi cha kwanza kwa mkono wake.

"Ondokeni," akawaambia wanawe. "Niliulizwa kanisani, watu wote wanasikia. Nikanyamaza."

Nikasimama pale nikiwa na lile koti mikononi, kwa kuwa mama alikuwa amenituma nikalianike. Nikalikumbatia nikalia kwa sauti, nikimlilia Bibi na ujinga wangu wa siku ile ya soda.

Basi yule binti wa ofisini alikuwa bado ananingoja, kidole kwenye ukurasa.

"Walifungia hapahapa," nikamjibu.

Akaanza kufunua kurasa, anatafuta jina. Nikamwambia asijisumbue, humo hawamo. Kama anataka uhakika, akaulize wazee waliokuwepo.